Reli ya Lamu hadi Moyale: Je, abiria wa Takaba yumo?



Hivi karibuni tulipata msiba Takaba, Mandera Magharibi. Mume wa dadangu ni mtu wa huko, na aliyefariki ni babake. Nilipopigiwa simu sikungoja. Asubuhi ya pili nilikuwa Miritini, nikapanda treni, na alasiri nikawa Nairobi. Usiku ule ule nikapanda basi la Moyale. Njia yote ni lami, nikalala kama niliye kitandani kwangu.

Shida ilianzia Moyale. Kutoka hapo hadi Takaba ndiko kulikokuwa karibu kuliko kote nilikopita, na ndiko kulikonila muda. Mvua ilikuwa imenyesha na njia ni udongo. Gari la abiria halikuwa na saa wala siku. Tukaambiwa litatoka likijaa. Halikujaa. Mwishowe tukapanda lori, tukaketi juu ya magunia. Pamoja nasi alikuwa mama mmoja aliyekuwa amemtoa mtoto hospitali, na kila tulipokwama alimfunika kwa leso yake na kumsomea. Sisi tanga ni siku tatu. Nilifika siku ya nne, majamvi yashakunjwa. Dadangu hakunilaumu. Aliniambia tu, "Kaka, sasa umejua kwa nini mimi siji Mombasa kila Idi."

Maneno hayo ndiyo yaliyonifanya niandike makala haya. Sisi wa Pwani tukizungumza habari za reli, twazungumza habari za treni ya Mombasa na Nairobi: nauli imepanda kutoka shilingi 1,000 hadi 1,500 tangu Januari 2024, tikiti za Idi zaisha mapema, stesheni iko mbali na mji. Malalamiko hayo ni ya haki. Lakini iko reli nyingine iliyoanzia kwetu, tena kwa ahadi, na tumeisahau.

Tarehe 2 Machi 2012, Rais Mwai Kibaki alizindua mradi wa LAPSSET kule Lamu, akiwa na Meles Zenawi wa Ethiopia na Salva Kiir wa Sudan Kusini. Tuliambiwa kutakuwa na bandari, bomba la mafuta, barabara, na reli ya kutoka Lamu kupitia Garissa na Isiolo, tawi moja likielekea Moyale na Ethiopia. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Reli je? Hakuna hata taruma moja lililolazwa. Ahadi ni deni, na deni hili lina zaidi ya miaka kumi.

Lakini swali langu si lini reli itajengwa tu. Nauliza itajengwa kwa ajili ya nani. Tangu siku ile, mazungumzo mengi ya LAPSSET ni ya mafuta na makontena. Abiria hatajwi sana. Na mradi ukichorwa bila abiria, siku ya kufunguliwa utakuta stesheni ziko mbali na watu, na treni yapita mji bila kusimama. Kwenye reli yetu ya Mombasa iko treni ya kasi, na iko ile ya asubuhi inayosimama Mariakani, Miasenyi, Voi, Mtito Andei, Kibwezi, Emali na Athi River. Hiyo ya pili ndiyo imsaidiayo mtu wa kawaida. Nani amekaa kuuliza treni ya Moyale itasimama wapi?

Wako watakaosema watu wa kaskazini ni wachache, treni haitajilipa. Hoja hii ni ya zamani. Waingereza walipoanza kujenga reli kutoka Mombasa mwaka 1896, wako waliosema kwao ni wazimu kupeleka chuma kwenye nyika. Nairobi haikuwa mji wakati huo. Ilianza 1899 kama kambi ya reli. Watu walifuata reli, reli haikungoja watu. Majirani zetu wamelielewa hilo. Treni ya umeme ya Addis Ababa na Djibouti yapita nchi kavu ya wafugaji na yabeba abiria. Tanzania nayo, tangu 2024, yabeba abiria kwa treni ya umeme kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma.

Na tusisahau nani alipaye. Ushuru wa maendeleo ya reli ulianza 2013, wakati huo ukiwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa ziingiazo nchini. Gunia la mchele lililopitia bandari ya Mombasa likauzwa Takaba limeshalipiwa reli. Kila lita ya petroli yetu hutozwa shilingi 25 za kutunza barabara tangu Julai 2024. Yule mama niliyepanda naye lori alipa reli asiyoiona na barabara asiyoipata.

Liko na la usalama. Tarehe 22 Novemba 2014, abiria 28 walitolewa kwenye basi karibu na Mandera wakauawa, wengi wao walimu waliokuwa wakirudi makwao kwa likizo. Desemba 2015 basi jingine likashambuliwa karibu na Elwak, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Mwalimu Salah Farah alipigwa risasi siku hiyo, akafariki Januari 2016. Mwenyezi Mungu amrehemu. Mwenye pesa hupanda ndege. Asiye nazo hupanda alichokipata, na hana la kuchagua hata akijua njia ni mbaya. Usafiri duni si usumbufu tu; kuna waliolipa kwa roho zao.

Sasa tufanye nini? Mkopo wa SGR bado twaulipa, kwa hiyo sitasema serikali ikakope tena kesho. Nasema tuanze na kinachowezekana.

Kwanza, lami ya kuunganisha. Takaba imekaa kati ya njia kuu mbili: magharibi iko lami ya Isiolo na Moyale, mashariki iko ile ya Isiolo, Wajir na Mandera inayojengwa kwa fedha za Benki ya Dunia, ikipitia Elwak. Kipande cha Moyale, Takaba hadi Elwak ndicho cha kudai. Kifungu cha 204 cha Katiba kimeweka Hazina ya Usawazishaji kwa ajili ya maeneo yaliyosahauliwa, na barabara zimetajwa humo. Hazina hiyo ilipewa miaka 20 tangu 2010. Hesabu mwenyewe iliyobaki.

Pili, basi lenye ratiba. Litoke siku maalumu, limejaa halijajaa, na kaunti na serikali kuu zifidie viti vitupu. Msafara ukiwa na saa inayojulikana, hata ulinzi wake hupangika.

Tatu, abiria aandikwe kwenye mchoro wa reli sasa hivi, kabla ya tingatinga. Ndugu zetu wavuvi wa Lamu walikwenda mahakamani kwa sababu hawakushirikishwa kwenye bandari, na mwaka 2018 wakashinda, wakaamuliwa fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tukapata funzo kwamba haki ipo, lakini kuidai baada ya jambo kufanyika ni kazi ndefu. Safari hii tuulize mapema.

Na hili si la watu wa Mandera peke yao. Bandari ya Lamu bila reli ni mlango usio na nyumba nyuma yake. Vijana wetu hawatapata kazi pale ikiwa mzigo na watu wa kaskazini hawana njia ya kushuka. Wabunge wa Lamu, Tana River, Garissa na Mandera wakikaa meza moja, sauti itasikika. Kila mmoja akilia peke yake, tutaambiwa tungoje miaka kumi mingine.

Nilipoondoka Takaba, lori liliniacha Moyale usiku. Dadangu alinipigia kuuliza nimefika wapi. Nikamwambia nimefika kwenye lami. Akasema, "Basi umefika nyumbani."