Ukipata Nafuu, Usiitupe Dawa

Hebu jiulize: ile dawa ya kupuliza puani uliyoandikiwa msimu wa vumbi, iko wapi saa hii? Yangu ilikuwa ndani ya droo. Niliitumia siku nne, sikuona tofauti, nikaiacha. Kumbe dawa nyingi za puani za steroidi hutakiwa kila siku, na zinaweza kuchukua hata wiki mbili kufikia nguvu yake kamili. Mimi niliitumia kama dawa ya kichwa.

Si mimi na wewe tu. Ulaya, tangu 2015, kuna programu ya simu iitwayo MASK-air. Mgonjwa wa aleji huweka alama kila siku kuonyesha pua na macho yanamsumbua kiasi gani, kisha anataja dawa aliyotumia. Rekodi zao zilionyesha nini? Wengi hutumia dawa siku mbaya, wakipata nafuu wanaacha. Hata wenye programu!

Kwa hivyo usidhani ukishapakua kitu kwenye simu basi yamekwisha. Kengele ikilia unaizima na kuendelea kulala. Mtu akikuuliza, inakubidi ujibu.

Na hili lilijaribiwa hapa hapa Kenya. Utafiti uliotoka kwenye jarida la Lancet mwaka 2010 ulifuata watu 538 walioanza ARV Nairobi na Kajiado. Karibu nusu yao walitumiwa SMS kila wiki: "Mambo?" Wanajibu "Sawa" au "Shida". Aliyesema shida, au aliyenyamaza, alipigiwa simu na mhudumu. Walioulizwa, asilimia 62 walizingatia dawa ipasavyo. Wasioulizwa, asilimia 50. Ugonjwa ni mwingine, lakini tabia yetu ya kuacha dawa ni ile ile. Na hakukuhitajika simu ya bei wala bando.

Basi anza na ulicho nacho. Weka dawa kando ya mswaki. Kila usiku andika namba kwenye simu, 0 hadi 10, umesumbuka kiasi gani leo. Mwonyeshe daktari, asikisie. Ukitaka kupakua programu, soma kwanza inapeleka wapi habari zako. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu habari za afya kuwa nyeti, na una haki ya kuuliza.

Kisha mfikirie rafiki mmoja mwenye pumu, au yule anayepiga chafya kila asubuhi. Mtumie neno moja kila wiki: Mambo? Akinyamaza, mpigie.