Mlima Haujakosea, Ramani Ndiyo Imekosea

Wasee, leo tuongelee mijengo ya ushago.

Umeona zile video: tingatinga linakula mlima, siku mbili baadaye ploti iko flati kama uwanja wa mpira, na watu wanamwaga moto kwa komenti. Mimi macho yangu huenda nyuma ya ploti, kwa ule udongo mwekundu uliobaki wima. Mvua ya Aprili ikikuja, nani ataushika?

Kwetu ni Murang'a, upande wa Mathioya. Huko ukiangusha kiazi jikoni unakiokota mtoni. Sasa familia inataka kumjengea shosho nyumba ya kisasa, na anko amekuja na ramani ya mtandaoni: bangalo pana, iliyochorwa kwa ploti tambarare. Mpango wake? Mlima ukatwe. Nilipopinga kwa kikao, nikaambiwa nirudi TikTok. Basi wacha nipinge hapa.

Piga hesabu. Kama ardhi inashuka mita 1 kila mita 3, nyumba ya kina cha mita 12 ina tofauti ya mita 4 kutoka mbele hadi nyuma. Ukitaka sakafu moja, unachimba mita 2 juu na kujaza mita 2 chini. Nusu ya nyumba inakaa kwa udongo wa asili, nusu inakaa kwa udongo wa kumwagwa. Ule wa kumwagwa usiposhindiliwa vizuri, unazama polepole, na nyumba inapasuka katikati. Halafu lazima ujenge ukuta wa kuzuia mlima. Kinachoangusha kuta hizo mara nyingi ni maji yaliyokwama nyuma yake. Ukiuona bila kokoto nyuma na bila vitundu vya kutoa maji, usipaki gari hapo.

Sasa angalia shamba la shosho. Limekatwa ngazi ngazi, nepia imepandwa kwa kingo, na miaka hii yote udongo bado uko. Yeye hakuwahi kulazimisha shamba liwe flati. Kwa nini nyumba ilazimishe?

Igawanye hiyo nyumba mara tatu, kila sehemu mita 4, kila moja ikishuka chini ya mwenzake kwa ngazi nane hivi. Unachimba kidogo sana. Sehemu ya chini kabisa inaweza kusimama kwa nguzo zilizofika udongo mgumu, na chini yake unaweka tangi la maji na kuni. Juu ya nyumba unachimba mtaro wa kupitisha maji kando. Miti inabaki. Na kila chumba kinaona bonde, si mgongo wa chumba kingine. Hiyo ndiyo kisasa, buda.

Anko aliuliza swali moja la maana: na magoti ya shosho? Ako sawa. Ndio maana chumba chake, jiko, choo na sebule vinakaa sehemu ya juu, usawa wa barabara. Ngazi ni zetu sisi tunaokuja Krismasi.

Na sisemi ni rahisi. Nguzo zinataka chuma na injinia, si fundi wa kukisia. Hata Fallingwater, ile nyumba maarufu ya Frank Lloyd Wright juu ya maporomoko ya maji huko Marekani, vibaraza vyake vilianza kuinama, na mwaka 2002 ikabidi viimarishwe. Kama gwiji alihitaji msaada wa hesabu, sisi ni nani?

Pia kuna miteremko ambayo hakuna ramani itaiokoa. West Pokot, Novemba 2019, maporomoko ya udongo yaliua zaidi ya watu 40. Ukiona nyufa ardhini juu ya ploti, miti imeanza kulala, au chemchemi mpya imetokea, usijenge hapo. Tafuta kwingine.

Lakini kwa mlima ulio imara, ombi langu ni moja: kabla ya kulipa tingatinga, lipa mtu apime mteremko, halafu mchoraji achore kutokana na vipimo hivyo. Anko, najua utasoma hii. Tingatinga linakuja Jumatatu. Lipigie simu lisije, tuongee kwanza.