Gari Kuukuu na Mnunuzi Mgeni

Si haba siku hizi idadi ya vijana ambao, wakiisha kuweka akiba kidogo, hununua kwa nakidi gari kuukuu lenye namba za zamani za usajili, A au B, kwa matumaini ya kulitengeneza wenyewe pole pole mpaka lipendeze. Wala si haba wazee wanaowakataza kwa neno moja tu, kwamba rahisi ghali. Kwa maoni yangu kila upande una sehemu yake ya haki, na hukumu baina yao inategemea hali ya mnunuzi na aina ya ila za gari lenyewe, kuliko bei yake.

Kishawishi chenyewe kinaeleweka. Kenya hairuhusu kuingizwa kwa gari lililotumika ambalo umri wake umezidi miaka 8, na Tanzania hulitoza gari zee ushuru wa nyongeza; kwa hiyo mwenye kipato kidogo hugeukia yale yaliyokwisha kutembea humu nchini miaka mingi. Kulinunua gari la namna hiyo si upumbavu. Upumbavu ni kudhani kwamba bei aliyoitaja dalali ndiyo gharama yote, hali ya kuwa harija nyingine zinamngojea mnunuzi gereji.

Hana budi basi kupambanua ila ndogo na ila kubwa. Bushi zilizolegea, shokapu zilizochoka, plagi, betri, hata rejeta inayovuja, ni mambo ya kawaida. Na kwa magari mashuhuri kama Toyota IST au Corolla, spea zake zimejaa madukani Kariakoo, mpya na za mtumba, na hakuna fundi wa mtaani asiyezijua. Injini, giaboksi na chesisi ni habari nyingine. Na aende kulitazama gari asubuhi, injini ikiwa baridi, kwa maana muuzaji mwenye hila aghalabu huiwasha mapema ili mlio na moshi wa mwanzo visijulikane. Afungue kifuniko cha oili: akiona chini yake povu zito la rangi ya maziwa, atahadhari, kwani pengine maji yamechanganyika na oili kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Moshi wa buluu ni dalili ya injini inayokula oili, tabia ambayo injini za mwanzo za Toyota za aina ya 1ZZ-FE zilijulikana kwayo. Kisha akanyage breki na kuingiza gia ya D. Ikichelewa kushika, halafu gari likashtuka kwa kishindo, matengenezo yake huenda yakakaribia bei ya gari zima. Ainame pia atazame uvungu, maana katika miji yetu ya pwani hewa ya chumvi hula bati kimya kimya, na rangi mpya inayong'aa yaweza kuwa sitara ya kutu. Wala asisahau kulinganisha namba ya chesisi na ile iliyoandikwa katika kadi.

Faida ya kujifunza haina shaka. Aliyekwisha kubadili kwa mikono yake oili, plagi na chujio la hewa hahadaiki upesi na fundi anayemwandikia orodha ndefu ya spea asizozihitaji. Lakini breki na usukani asiviguse pasipo fundi kusimama kando yake, wala asijitie uvunguni mwa gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake. Maarifa yanayotafutwa kwa kuhatarisha roho ni hasara.

Kwa insafu, basi, kijana ambaye gari hilo ndilo tegemeo lake la pekee la kufika kazini kila Jumatatu asilinunue. Apande daladala, na aendelee kuweka akiba mpaka apate lililo zima. Lakini mwenye njia nyingine ya kwendea kazini, ambaye kwa kila shilingi milioni 3 za bei ameweka kando milioni 1 ya matengenezo, na amepata gari ambalo injini, giaboksi na chesisi yake ni salama, alinunue bila ya hofu. Na dalali akimhimiza alipe kabla fundi wake hajalikagua, arudi nyumbani na fedha yake.