Kamera haijakufa, msifungue masini haraka

Hapa Mabanga, Kaskazini na Kusini, mafundi wa simu na masini hawakosi, na malalamiko ni yale yale: masini imefanya mise à jour usiku, asubuhi kamera inakataa. Mama anataka kuona sura ya mtoto wake aliye Kampala, anaona weusi tu. Fundi anatazama mara moja, anasema: kamera imekufa, lete pesa tubadilishe.

Sisi tunasema hapana, ngoja kwanza. Mise à jour inabadilisha programu, haigusi kile kijicho kidogo juu ya skrini. Mara mingi ruhusa ndiyo imefungwa, ao piloti, ile programu ndogo inayowezesha masini kuongea na kamera, imebadilishwa na nyingine wasiyoelewana.

Na si Goma peke yake. Agosti 2016 Microsoft ilileta toleo jipya la Windows 10, na kamera za watu wengi duniani zikaganda. Kampuni yenyewe ilikubali kwamba toleo lake ndilo lilileta shida, ikatoa dawa baadaye. Aliyekimbilia kununua kamera ingine alilipa bure.

Basi kabla fundi hajashika turnevisi, mwombeni afanye haya mbele yenu. Atazame kama kamera iko na kikofia kinachosukumwa na kidole, ao kifungo chake kwenye klavie (msicheke, watoto wanagusa). Aingie « Paramètres », « Confidentialité », « Caméra », aone kama ruhusa iko wazi, ya masini na ya kila programu. Bado inakataa? Aende « Gestionnaire de périphériques », achague kamera, « Pilote », kisha « Restaurer le pilote »: ile ya zamani inarudi. Kama kifungo hicho hakikubali, aondoe kamera kwenye orodha, azime masini, awashe tena. Windows itaitafuta yenyewe. Ikiwa hata hapo haionekani kabisa, sawa, labda waya umechomoka ndani. Hapo tu ndipo afungue.

Juu skrini ikifunguliwa vibaya, mnapoteza kamera na skrini pamoja. Na pesa ya masini ile ilitoka shimoni Rubaya, mfuko kwa mfuko. Baba yuko kule juu. Anayesimama mbele ya fundi ni mama ao mtoto, na huyo ni mwepesi kudanganywa.

Hatuwatukani mafundi. Fundi aliyetumia nusu saa akarudisha kamera bila kubadilisha kitu amefanya kazi, alipwe. Shida iko kwetu pia: tunalipia kipande tunachoshika mkononi, akili hatutaki kulipia. Basi naye anatafuta kipande cha kuuza. Tungeomba mambo yawe hivi: mkubaliane kwanza bei ya kupima, kamera ipone ao isipone. Na akibadilisha, ile ya zamani awape mikononi.

Mise à jour zenyewe msizikatae milele, zinafunga milango ya wezi. Lakini kama mnatumia mega za kununua, wekeni « Connexion limitée », zisishuke zenyewe usiku na kumaliza forfait. Na wiki ile baba ameahidi kupiga video, acheni masini kama ilivyo mpaka amalize kuongea na watoto.