Ramani Iulizwe na Wananchi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mji ni mali ya wakazi wake, na ramani ndiyo daftari lake. Lakini ramani iliyotundikwa ukutani haijibu maswali. Mkazi wa bonde la Msimbazi, Dar es Salaam, hahitaji picha ya mto anaouona kila asubuhi. Anahitaji kujua kwamba maji yakifurika, kama yalivyofurika na kuua watu Desemba 2011, nyumba zipi zitafikiwa kwanza na watoto wakimbilie wapi.

Maswali ya namna hiyo sasa yanajibika. Programu ya PostGIS, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2001, huiwezesha hifadhidata kutunza kila nyumba, mfereji na njia pamoja na mahali pake hasa. Ikiulizwa ni majengo yapi yaliyo ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto, hupima na kutoa orodha. QGIS, iliyoanzishwa mwaka 2002, huichora orodha hiyo juu ya ramani. Leaflet, ya mwaka 2011, huiweka kwenye intaneti, hata mtu akagusa nyumba na kusoma habari zake. Zote ni programu huria: hazina ada ya leseni, na yeyote aweza kuzichunguza na kuzirekebisha.

Habari za kuwekwa humo nazo hukusanywa na watu wenyewe. Mradi wa Ramani Huria, ulioanza mwaka 2015, uliwatuma wanafunzi wa vyuo vikuu pamoja na wakazi kupita mitaani, wakiandika majengo na mifereji katika OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyo wazi kwa wote.

Hata hivyo, chombo hujibu kile tu kilichoulizwa. Kwa hiyo anayeuliza ndiye mwenye nguvu. Kipimo cha mita 60 kimo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, na Desemba 2015 nyumba nyingi za bonde hilo zilibomolewa. Orodha ya nyumba zilizo kando ya mto yaweza kuwa orodha ya kubomoa; yaweza pia kuwa orodha ya kaya za kuonywa mapema, ya mifereji ya kuzibuliwa na ya wazee wa kubebwa. Tofauti haimo katika programu, bali katika swali na katika aliyeliuliza.

Hapana budi, basi, maofisa wa kata, wenyeviti wa mitaa na vijana wafundishwe kuiuliza ramani wao wenyewe, na kuisahihisha kabla ya kila masika, maana mfereji uliokuwa wazi mwaka jana huenda leo umejaa taka. Kisingizio cha bei ya leseni kimekwisha. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuungoja mto ulete jibu.