Ukimaliza selfi Fort Jesus, soma ukuta

Ukitajiwa visukuku, akili inakimbia Turkana: jua kali, mifupa ya kale, watafiti wamepiga magoti mchangani. Lakini kama unaishi Mombasa, unavikanyaga kila siku. Kisiwa kimekaa juu ya mwamba wa matumbawe uliojijenga baharini takriban miaka 125,000 iliyopita, maji yalipokuwa juu kuliko leo kwa mita kadhaa. Bahari iliposhuka, matumbawe yakabaki nchi kavu, yakashikana, yakawa mawe ya chokaa.

Ebu nenda Fort Jesus, ngome ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593. Ukishapiga selfi zako, sogea pale lipu ilipobanduka. Vile vitundu vilivyopangika kama sega la nyuki, au vyenye umbo la nyota ndogo, vilikuwa makao ya vijidudu vya matumbawe. Mistari iliyopinda sambamba huenda ni gamba la kombe. Nyufa na madoa ya kawaida hukaa ovyo tu, hayana mpango huo.

Unataka uhakika kwamba jiwe ni la chokaa? Okota kipande chini (ukuta wa ngome uache, tafadhali) ulitone siki. Litatoa povu. Saruji pia hutoa povu, kwa hivyo usidanganywe na kipande cha lipu. Lile jiwe la kijivu la kujengea Nairobi ni la volkano, litanyamaza kimya.

Sasa, mawe haya ya chokaa ndiyo malighafi ya saruji. Kule Bamburi, timbo lililochakaa lilianza kupandwa mivinje mwaka 1971, na leo ni Haller Park. Pongezi wanastahili. Ila msitu hupandwa tena. Kisukuku kilichosagwa kimeenda. Hatusemi matimbo yafungwe, sote tunalala kwenye nyumba za saruji. Tunachodai ni kwamba kabla ya mashine kusaga, mtu anayejua apite akague, na wanafunzi wa Pwani waruhusiwe kuingia kuona.

Nawe una kazi. Sheria ya Makavazi na Turathi ya 2006 inamtaka anayegundua kitu cha aina hii aarifu Makavazi ya Kitaifa ndani ya siku 7. Ukikutana na jino au mfupa ndani ya jiwe, piga picha, andika mahali hasa, kisha uripoti. Usilivunje, na usimuuzie mtalii.