Kupaka bampa rangi nyumbani: unachookoa wewe, na anayelipa mwingine

Tembea Shella, Malindi, kuanzia vichochoro vya Mji wa Kale hadi barabara ya ufuoni, kisha hesabu magari ambayo bampa na bodi hazifanani. Vitz nyeupe yenye bampa nyeusi. Probox iliyochubuliwa na tuktuk pembeni. Fielder iliyoshonwa kwa waya mwembamba kama kiatu. Usidhani wenyewe hawaoni. Wanaona kila siku, ila kila wakipiga hesabu, bampa inakuja baada ya kodi ya nyumba, karo na unga.

Huenda nawe ni mmoja wao. Umeulizia kwa fundi, bei ikakukata maini. Umetazama video mbili tatu kwenye YouTube, na sasa umesimama dukani mbele ya makopo ya spray ukijiambia: hii naiweza. Kweli, unaiweza. Lakini kabla hujalipa, tuzungumze mambo mawili. Kwanza, kwa nini vijana wengi tumefika hapa pa kutengeneza magari uani. Pili, nani anabeba hatari ya rangi ile inayotoka rahisi.

Gari la zamani, mfuko wa sasa

Kenya hairuhusu gari la mtumba lililozidi miaka minane kuingia nchini, na mengi ya hayo hutoka Japani. Julai 2023 ushuru wa forodha kwa magari hayo ulipanda kutoka asilimia 25 hadi 35. Mwaka huohuo, VAT ya mafuta iliruka kutoka asilimia 8 hadi 16. Januari 2024 dola moja ikagonga takriban Sh160. Shilingi ilikuja kupata nguvu, lakini aliyeagiza gari wakati ule alishalia. Halafu KRA ikatangaza orodha mpya ya thamani za magari, ianze kutumika Julai 1, 2025, badala ya ile ya 2019. Ushuru ukikokotolewa kwa thamani iliyo juu, nawe unalipa zaidi.

Matokeo yake unayajua. Mtu habadilishi gari, analiuguza lile alilo nalo. Na gari likikaa miaka mingi Pwani, jua linaimaliza kliya, chumvi ya bahari inakula bolti na vishikio vya bampa, na vichochoro vya Shella vinamalizia kazi.

Bima nayo? Wengi tuna ile ya lazima pekee, ya mtu wa tatu. Inamlipa uliyemgonga. Bampa yako haiihusu. Hata mwenye bima kubwa, mchubuko mdogo mara nyingi haufiki kile kiasi anachotakiwa kulipa mwenyewe kwanza.

Kumbuka pia Juni 2024. Mswada wa Fedha ulikuja na kodi ya magari ya asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka, isiyopungua Sh5,000. Pendekezo hilo liliondolewa kabla mswada wenyewe haujatupwa Juni 26, na vijana barabarani walichangia pakubwa. Kwa hiyo kopo la spray mkononi mwako lina historia nyuma yake.

Kazi yenyewe, bila kujidanganya

Anza na namba ya rangi. Kwenye Toyota iko kwenye kibati kilicho ndani ya injini au kwenye nguzo ya mlango. Ukikuta 040, hiyo ni nyeupe ya kawaida; una bahati, maana inasamehe makosa. Ukikuta 1F7, hiyo ni silva yenye chembe za chuma, na umbali au kasi ya mkono ikibadilika, rangi nayo inabadilika. Ukikuta 070, nyeupe ya lulu inayopakwa kwa hatua tatu, mpelekee fundi. Hapo utapoteza pesa.

Pindua bampa uangalie nyuma. Nyingi zimeandikwa PP, yaani polipropilini, plastiki ambayo rangi haiipendi. Palipobaki plastiki tupu lazima utangulize praima ya plastiki, la sivyo rangi itabanduka kama ganda la kitunguu siku utakapoosha gari kwa presha. Ufa nao unataka filla ya plastiki, inayokunjika. Ile ya mabati itapasuka bampa ikitikisika.

Kisha osha. Osha tena. Bahari haiko mbali, na chumvi hukaa mahali usipopaona. Maji baridi, sabuni ya vyombo, halafu futa mafuta kwa spiriti. Piga msasa namba 240 palipo na filla, 400 kabla ya praima, 600 hadi 800 kabla ya rangi. Hapa ndipo wengi huchoka, na ndipo kazi huharibikia. Kupuliza ni dakika chache tu. Msasa ndio saa nzima nzima.

Kwa bampa moja ya gari dogo panga kopo moja la praima, mawili ya rangi na mawili ya kliya, yale ya mililita 400. Puliza kutoka sentimita 20 hadi 25, tabaka jembamba, ngoja dakika 10 hadi 15, rudia. Anza kupuliza nje ya bampa na umalizie nje yake, mkono usisimame juu ya bampa. Tabaka nene litatiririka. Likitiririka usiliguse, subiri likauke, piga msasa, rudia. Acha bampa siku nzima kabla ya kuifunga, na usiipeleke kuoshwa kwa wiki moja au mbili.

Ukweli wa mwisho kuhusu kopo: kliya ya kawaida ya kopo ni laini. Petroli inaiyeyusha na jua la Malindi linaichosha mapema. Umenunua muda, na wakati mwingine muda ndio unaoutaka.

Muulize mvuvi kabla ya kupuliza

Video nyingi zimepigwa kwenye gereji zilizofungwa, nchi za baridi. Wewe una kusi na kaskazi. Wakati wa kusi, hasa miezi ya masika kuanzia Aprili, hewa imelowa. Ukipuliza siku hiyo rangi itaota ukungu mweupe, kwa sababu unyevu umenaswa ndani. Kaskazi ni kavu zaidi, lakini upepo wa mchana unaleta mchanga, na kila chembe itaganda kwenye kliya. Saa nzuri ni asubuhi umande ukishakauka, kabla upepo haujaamka. Mwagia ardhi maji kidogo ili vumbi litulie.

Sasa moto. Nyumba nyingi zetu zina makuti, kama si paa basi banda la uani. Mvuke wa thina ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini kwa chini hadi ukute jiko la jirani. Mama akiwa anakaanga mahamri ng'ambo ya ukuta, ahirisha. Na makopo usiyaache ndani ya gari lililoegeshwa juani, yanaweza kupasuka.

Hatari ambayo haimo kwenye bei

Umewahi kujiuliza kwa nini kazi ya fundi inang'aa na kudumu kuliko ya kopo? Mara nyingi ametumia 2K, rangi au kliya inayochanganywa na dawa ya kugandisha. Ndani ya dawa hiyo mna kemikali ziitwazo isosianeti. Zikipulizwa hewani na mtu akazivuta, zinaweza kumpa pumu isiyoondoka. Nchini Uingereza ni miongoni mwa visababishi vikuu vya pumu ya kazini, na wapakaji rangi za magari ndio walio mstari wa mbele. Mwili ukishazikataa, hata kiasi kidogo kinatosha kumfunga mtu kifua. Ukungu wake hubaki hewani hata macho yako yanapoona pameshatulia.

Wenzetu huko huvaa kofia inayoletewa hewa safi kwa bomba. Hapa, kijana wa miaka 19 aliyeajiriwa kwa siku hujifunga fulana puani, au ile barakoa ya Covid ambayo haizuii mvuke hata kidogo. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Lakini chini ya mwarobaini, mwajiri ni nani? Fundi mkuu atasema yule ni kijana anajifunza tu. Mwenye gari atasema yeye ni mteja. Akiugua, anabaki na SHA yake, kama ameweza kulipa mchango, maana asiye na payslip hutakiwa kulipa wa mwaka mzima kwa mkupuo.

Kwa hiyo bei uliyoiona ghali ilikuwa tayari imepunguzwa. Kuna mtu aliilipia nusu nyingine kwa mapafu.

Hilo linatupa kanuni mbili. Ya kwanza ni yako: nyumbani tumia kopo la kawaida pekee, mahali wazi, ukiwa na barakoa yenye vichujio vya mvuke wa kemikali, miwani na glavu, watoto wakiwa mbali. Yapo makopo ya 2K ambayo unabonyeza kitako ili dawa ichanganyike. Hayo yaache dukani, hata muuzaji akikuapia. Ya pili ni ya mtaa: ukienda kwa fundi, uliza anavaa nini na kijana wake anavaa nini. Kama kila mteja atauliza, na akubali kuongeza kidogo, vifaa vitanunuliwa.

Kaunti inaweza nini?

Tusiishie kumlaumu fundi. Chumba cha kupulizia chenye feni na vichujio ni ghali mno kwa mtu mmoja. Lakini Katiba ya 2010 imezipa serikali za kaunti jukumu la vyuo vya ufundi vya vijijini, na Kilifi si kaunti ya pembeni kwenye hilo. Chumba kimoja tu kwenye chuo kimoja karibu na Malindi, mafundi wakikikodi kwa saa, kingefanya mambo matatu: kuondoa ukungu huo vichochoroni, kuwapa wanafunzi mahali pa kujifunzia, na kumpa fundi kazi safi anayoweza kuitoza bei ya haki. NITA tayari inatoa mitihani ya ufundi kwa madaraja, na KNQA inasimamia mpango wa kutambua ujuzi ambao mtu aliupata bila darasa. Kinachokosekana ni mahali ambapo kijana wa Shella anaweza kuuonyesha ujuzi huo bila kujiua polepole.

Bajeti za kaunti hupitia vikao vya maoni ya umma kabla ya kupitishwa. Wengi wetu hatuendi, tunakuja kulalamika baadaye. Safari hii nenda na ombi moja linaloeleweka, lenye gharama na mahali. Ni vigumu kulikwepa kuliko kelele.

Na bampa yako? Mchubuko mdogo, rangi ya kawaida, siku isiyo na upepo: fanya mwenyewe, utaokoa pesa za maana. Ufa mkubwa, lulu, au ukitaka idumu miaka: mpe fundi, mlipe vizuri. Ukiamua kubadilisha rangi ya gari zima, kumbuka logbook inataja rangi, kwa hiyo pitia NTSA kwanza. Asubuhi ya kupuliza, kabla hujatikisa kopo, zunguka ukuta uone kama jiko la jirani limewashwa.